Mshono wa Mkono Mwingine

Bi Fundi alijua mambo mengi ya watu kwa kutazama nguo zao tu. Gauni lilimwambia nani ana mimba kabla mama mkwe hajapata habari. Shati lilimwambia nani anakaa ofisini kutwa na nani anabeba mizigo begani. Hakuwa mmbea. Aliona, akashona, akanyamaza. Ndiyo maana wateja walimpenda.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, penye mwanga. Kando yake palikuwa na meza ya kukatia, pasi, na kikapu cha vipande vya vitambaa. Watoto wake watatu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja yuko kwake. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mumewe. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba za watu. Alikuwa na miaka sitini na minne, na kucha zake hazikuwahi kukaa na rangi moja wiki nzima. Mtaa wote ulimwita Mzee Rangi.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupiga pasi nguo za nyumbani. Jumatatu hiyo Bi Fundi alichukua suruali ya kijivu ya mumewe, ile nzuri, ya harusi na misiba. Aliigeuza ndani nje kama afanyavyo siku zote. Mkono wake ukasimama.

Kiuno kilikuwa kimepunguzwa.

Aliisogeza suruali dirishani. Nyuma ya kiuno palikuwa na mshono mpya, umenyooka, wa uzi mweusi. Yeye hashoni kitambaa cha kijivu kwa uzi mweusi hata umbembeleze vipi. Tena suruali hiyo hakuigusa kwa sindano tangu mwaka jana. Huo haukuwa mkono wake.

Kwa mke wa mtu mwingine hilo si neno. Lakini mume wa fundi cherehani kushonewa nguo nje ni kama mume wa mwokaji kukutwa ananunua mkate mtaa wa pili. Lazima huko mtaa wa pili kuna kitu. Bi Fundi alikunja suruali, akaiweka chini ya kikapu, akangoja.

Mzee Rangi alitoka chumba kidogo akiwa tayari kwenda kazini. Alikunywa maji bilauri ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ndipo akaketi kunywa chai.

"Ile suruali yako ya kijivu," Bi Fundi akaanza, kama mtu asiyetaka kitu, "inakukaa vizuri siku hizi?"

"Inanikaa."

"Haikulegei?"

"Iko sawa tu. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Nilitaka kujua kama kuna pa kurekebisha."

"Hakuna," akasema Mzee Rangi upesi. Aliacha nusu ya mkate, akachukua mfuko wake wa brashi, akaenda zake. Hata kwaheri yake ilikuwa ya mlangoni.

Bi Fundi alimsindikiza kwa macho hadi kona ya barabara. Amenidanganya, akawaza. Amenidanganya huku akinitazama usoni.

Siku hiyo hakushona sana. Kila alipokanyaga cherehani, wazo jingine lilimjia. Miezi saba iliyopita mumewe alihamia chumba kidogo. Alisema mgongo unamuuma na kwamba godoro la kule ni gumu, linamfaa. Siku ile Bi Fundi hakubisha. Kusema kweli alishusha pumzi, kwa sababu na yeye alikuwa na lake, ila lake hilo hakutaka hata kulifikiria. Lakini sasa alijiuliza ni mgongo gani unaomwacha mtu apande ngazi kutwa na kupaka dari za watu.

Halafu kulikuwa na tumbo. Mzee Rangi alikuwa na tumbo lililomtangulia kwa miaka ishirini. Sasa halipo. Majirani walimtania njiani, "Mzee umerudi ujanani!" Yeye hucheka kidogo na kupita. Mwanamume wa miaka sitini na minne anajikondesha kwa ajili ya nani?

Mchana aliingia chumba kidogo. Alijiambia kwamba anakwenda kufagia, akachukua na ufagio, lakini ufagio wenyewe aliuegemeza ukutani. Alitazama chini ya mto. Alitazama mifukoni. Kwenye kopo kubwa la brashi kuukuu, nyuma ya brashi zilizokauka, mkono wake uligusa chupa.

Ilikuwa chupa ya unga wa kahawia, nayo imefika nusu. Karatasi yake ilikuwa na picha ya farasi aliyesimama kwa miguu miwili. Chini yake pameandikwa: NGUVU ZA KIUME. KIJIKO KIMOJA TU, MAMA ATAKUSHUKURU.

Bi Fundi aliketi kitandani. Mama gani? Yeye ndiye mama, na hakuguswa tangu mvua za mwaka jana. Chupa imefika nusu. Basi yuko anayeshukuru.

Roho ilimuuma mpaka machozi yakakataa kutoka. Aliirudisha chupa mahali pake, akampigia simu mdogo wake.

Mdogo wake alifika Jumanne mchana. Huyu aliwahi kuachwa mara mbili na kuacha mara moja, hivyo alijihesabu kuwa mtaalamu wa mambo ya ndoa. Alisikiliza kuhusu suruali, chumba kidogo, tumbo na chupa. Alipiga makofi.

"Dada, hapa huhitaji mpiga ramli. Mwanamume akianza kukonda kwa hiari yake, ujue kuna anayemkondea."

"Miaka thelathini na sita, mdogo wangu. Thelathini na sita!"

"Hata ingekuwa mia. Na huyo mwanamke ana jeuri. Ameshona nguo ya mume wako, anajua wewe ni fundi, anajua utaiona. Amekuwekea saini."

"Nimuulize kwanza?"

"Ulishamuuliza, akakudanganya. Unataka akudanganye mara ngapi? Jumamosi asubuhi ninakuja na gari la mizigo. Tunabeba nguo zako na cherehani yako. Utakaa kwangu. Cherehani iko miguuni pako, utakosa nini?"

Bi Fundi alitazama cherehani yake, akatazama ukuta ambao mumewe aliupaka rangi mpya kila walipopata mtoto. Hakutaka kuondoka. Lakini kukaa na mtu anayekufanya mjinga ni kazi ngumu kuliko kuhama.

"Njoo Jumamosi," akasema.

Mdogo wake alipoondoka, lile neno saini lilibaki masikioni. Bi Fundi aliitoa tena suruali. Safari hii hakuitazama kama mke, aliitazama kama fundi. Mwisho wa mshono palikuwa na vishono vitatu vidogo vilivyolala upande, kimoja baada ya kingine.

Alivijua. Zamani, kabla ya kuolewa, alifanya kazi katika karakana ya sare. Msimamizi wao aliwafundisha kufunga kila mshono kwa vishono vitatu vya kulala, ili nguo isifumuke. Karakana ilifungwa siku nyingi. Wenzake walitawanyika. Katika mji huu wenye mkono huo walibaki wawili. Mmoja ni yeye. Wa pili ni Mama Saizi, mwenye duka dogo nyuma ya posta.

Mama Saizi alikuwa mjane mwaka wa tatu sasa. Alikuwa mcheshi, mweupe wa meno, na alivaa vizuri. Walipokutana njiani alikuwa wa kwanza kusalimia. Sasa Bi Fundi alielewa sababu ya salamu zote hizo!

Alhamisi asubuhi alitia suruali kwenye mfuko, akaenda.

Duka la Mama Saizi lilikuwa na mlango mmoja na pazia la kujaribia nguo. Mwenyewe alikuwa amekaa, futi ya kupimia imening'inia shingoni, anatoa vifungo kwenye koti. Aliinua uso. Alipoona nani ameingia, uso ulimbadilika.

Bi Fundi hakukaa. Alitoa suruali, akaitandika juu ya meza, ndani nje.

"Huu mkono ni wako?"

Mama Saizi alitazama mshono. "Ni wangu," akasema.

Bi Fundi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli hakujiandaa. "Na huoni haya? Nimekukosea nini, mwenzangu? Tumekula sahani moja mimi na wewe."

"Kaa kitako, dada."

"Sikai!"

"Basi sikiliza umesimama." Mama Saizi aliondoka mezani, akaliendea pazia, akalifungua kote. Nyuma yake palikuwa na kioo na msumari wa kutundikia nguo, basi. "Mumeo amekuja hapa mara tatu. Mara zote mchana, mara zote mlango wazi. Amekuja kupunguziwa suruali. Akaniomba nisikwambie. Nikamwambia, mbona una fundi nyumbani? Akasema, huyo ndiye nisiyetaka aone."

"Asione nini?"

Mama Saizi alirudi mezani. Alichukua daftari lake la vipimo, akalamba kidole, akafunua. Aligeuza daftari ili mwenzake asome mwenyewe. Kiuno cha Mzee Rangi: inchi thelathini na nane. Ukurasa mwingine: thelathini na sita na nusu. Ukurasa mwingine: thelathini na nne. Tarehe ya kwanza na ya mwisho zilipishana kwa miezi minne.

Fundi huyasoma maandishi ya namna hiyo upesi kuliko barua. Bi Fundi aliyasoma mara mbili. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikosa pa kushika.

"Mwanamume hakondi hivi kwa mapenzi," Mama Saizi akasema polepole. "Marehemu wangu alianza hivi hivi. Akawa anakunywa maji kama ardhi kavu. Anaamka kwenda chooni kila saa. Na mimi, fundi mzima, nilimpunguzia suruali nne. Nilifurahi kabisa. Nilisema mume wangu amependeza. Tulipokwenda hospitali, mguu ulikuwa umeoza na figo zimechoka. Sukari, dada. Ilikuwa sukari."

Bi Fundi alikaa.

"Nilimwambia mumeo akapime," Mama Saizi akaendelea. "Akasema kesho. Kila akija, kesho. Mara ya mwisho nikamwambia, ukirudi tena sikushonei, nakwenda kwa mkeo. Leo umekuja wewe kabla yangu. Kosa langu ni hilo, nilichelewa. Nisamehe."

Njiani kurudi Bi Fundi alizikumbuka bilauri tatu za maji. Alikumbuka mlango wa choo usiotulia. Alikuwa ameyaona yote, naye akayashona yakawa gauni la mwanamke mwingine. Sasa hakuogopa tena kuachwa. Aliogopa kuwa mjane.

Lakini ile chupa bado ilimsumbua. Sukari ni sukari. Farasi je?

Mzee Rangi aliporudi jioni, aliikuta suruali ya kijivu juu ya meza ya kukatia. Kando yake palikuwa na chupa ya unga. Kando ya chupa alikaa mke wake, mikono mapajani. Jua lilikuwa bado halijazama na mlango wa nje ulikuwa umefungwa.

"Nimetoka kwa Mama Saizi," Bi Fundi akasema.

Mzee Rangi aliweka mfuko chini. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Alitazama kucha zake, siku hiyo zilikuwa za kijani.

"Kwa hiyo umejua."

"Nimejua nusu. Nusu nyingine unaniambia wewe. Huyo farasi ni wa nani?"

"Wa nani tena? Nina nani mimi?" Alicheka kicheko cha uchungu. "Fundi, mimi nimekwisha. Unakumbuka ile siku, mwaka jana? Nilijaribu, nikashindwa. Wewe ukageukia ukutani. Nilijua umenidharau. Nikaanza kukukimbia. Nikahamia kule ili nisijaribu tena nikaaibika tena. Halafu mwili ukaanza kuisha, suruali zinadondoka. Nikasema akiona hizi suruali, atajua ameolewa na gofu. Huo unga niliuziwa stendi. Nakula kijiko asubuhi, moyo unanienda mbio hadi naogopa kupanda ngazi. Na hakuna kitu! Hakuna farasi, hakuna hata punda."

Bi Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijua zamu yake imefika, na hilo lilikuwa gumu kuliko kwenda kwa Mama Saizi.

"Sikugeukia ukutani kwa dharau," akasema. "Niligeuka kwa sababu nilifurahi umeshindwa."

Mzee Rangi aliinua kichwa.

"Nisikilize. Tangu hedhi yangu ikome, mimi naumia. Ni kama kidonda. Sikujua nikwambieje. Nikawa nakaa kwenye cherehani, nasema kazi za watu, hadi usinzie. Kazi hazikuwa nyingi hivyo. Ulipohama, nilishukuru. Kisha nikaanza kukuwinda kama mwizi. Nilimwambia mdogo wangu aje Jumamosi na gari. Nilikuwa nahama, baba watoto."

"Unahama?"

"Nilikuwa nahama."

Miaka thelathini na sita walizungumza juu ya kila kitu: karo, paa, wakwe, mazishi. Juu ya hili walikuwa hawajazungumza hata dakika moja. Kila mmoja alishika ncha yake ya uongo, akadhani mwenzake ndiye mwongo.

"Twende kituo cha afya," akasema Bi Fundi.

"Niende nikavuliwe nguo na watoto wadogo? Wale wauguzi ni sawa na binti yetu wa mwisho."

"Kwa hiyo utakubali kufa kwa sababu muuguzi ni mdogo?"



Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilipiga honi mlangoni. Mdogo wake Bi Fundi alishuka na kamba za kufungia mizigo, uso umekaza. Alimkuta dada yake amevaa gauni la kutokea, na shemeji yake amesimama nyuma, ameshika kofia mkononi.

"Cherehani iko wapi?" akauliza.

"Cherehani haitoki. Geuza gari, mdogo wangu. Tunampeleka shemeji yako akapime."

Mdogo mtu alitazama huyu, akatazama yule. Hakuelewa hata kidogo, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya jambo bila kutoa ushauri. Aligeuza gari.

Muuguzi aliyewapokea kweli alikuwa mdogo. "Shikamoo baba, shikamoo mama," akawasalimia. Alimchoma Mzee Rangi kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo. Mzee alikuwa hajala kitu tangu jana yake. Kipimo kilionyesha kumi na tisa.

"Kabla ya kula, mtu mzima hatakiwi kufika hata sita," muuguzi akasema. "Baba, una kisukari, tena kimekaa. Ndicho kinachokukondesha, kinachokupa kiu na kukuamsha kwenda chooni. Lakini hujachelewa. Leo daktari atakuanzishia dawa. Kuna jambo jingine linakusumbua?"

Mzee Rangi alitazama dari. Ilipakwa vibaya, lakini si hilo alilokuwa akilikagua.

"Lipo," Bi Fundi akasema. "Sema, au niseme mimi."

"Chumbani," Mzee Rangi akaiambia dari. "Nguvu zimekwisha."

Muuguzi hakucheka. Hakushtuka pia. Alivuta kiti karibu.

"Asante kwa kusema, baba. Wengi hawasemi. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Uume unahitaji hiyo mishipa ili usimame. Kwa hiyo hujalogwa, na mkeo hajakuchosha. Ni sehemu ya ugonjwa huo huo. Presha ya juu huleta hali hiyo, sigara huleta, hata mawazo mengi. Wakati mwingine ni dalili ya kwanza kwamba mishipa ya moyo nayo haiko sawa. Ndiyo maana mtu akiona hivyo anatakiwa apimwe, asijifiche."

"Itarudi?"

"Sukari ikishuka, kwa wengi hali huwa nafuu. Isipopata nafuu, zipo dawa halali. Lakini daktari hupima kwanza moyo na presha, kwa sababu si kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Je, kuna kitu umekuwa ukitumia?"

Bi Fundi alifungua mkoba, akatoa chupa ya farasi, akaiweka mezani.

Muuguzi aliitazama, akatikisa kichwa. "Hatujui kuna nini humu. Wengine huchanganya dawa za hospitali kimyakimya, kipimo hawakijui wao wala wewe. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuanguka akafa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio?"

"Sana."

"Basi huyu farasi abaki hapa hapa kwangu." Aligeuka. "Na wewe, mama? Uko salama?"

Swali hilo Bi Fundi hakuulizwa na mtu yeyote kwa miaka miwili. Aliona aibu, kisha akaona uchovu wa kuona aibu. Akasema yote.

"Pole, mama. Hedhi ikikoma, mwili hupunguza ute wa ukeni, na ngozi ya pale huwa nyembamba. Tendo linauma. Hupaswi kuvumilia. Kuna vilainishi vya maji, vinauzwa duka la dawa. Usitumie losheni ya mwili wala mafuta ya manukato, vitakuunguza. Ikiwa bado unaumia, rudi, kuna krimu ya kuandikiwa na daktari. Ukiona damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, njoo siku hiyo hiyo upimwe." Aliwatazama wote wawili. "Na msiharakishe. Kushikana, kuzungumza, kulala pamoja bila kudaiana lolote, nayo ni ndoa. Umri hauzimi mambo haya. Ukimya ndio unaoyazima."

Walitoka na vidonge, karatasi ya chakula, na tarehe ya kurudi. Mzee Rangi alipunguza sukari, soda na mkate mweupe. Kila siku alitembea kwa miguu kwenda kazini, mkewe akimfikisha kona ya barabara. Alikagua nyayo zake kila jioni kama alivyoagizwa, na pale asipoona vizuri, Bi Fundi alivaa miwani ya kutungia uzi akamtazamia. Kulikuwa na siku mbaya. Kulikuwa na wiki alipokula keki ya mjukuu nzima nzima, wakanuniana siku mbili. Lakini walinuniana waziwazi, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Godoro gumu lilihamia chumba kikubwa mwezi wa kwanza wa matibabu. Kuhusu yaliyofuata, hayo ni yao. Itoshe kusema kwamba mwezi wa tatu Bi Fundi alisikika akiimba kwenye cherehani, na mdogo wake alipouliza kulikoni, aliambiwa ashike kamba zake aende nyumbani.

Mwezi wa nne kipimo kilionyesha saba, na kwa mwenye kisukari hapo ni pazuri. Siku hiyo ya kliniki, kama kawaida, wagonjwa waliketi kwenye mabenchi uani, na muuguzi yule mdogo akafundisha. Alipomaliza akauliza, "Nani ana swali?"

Watu waliuliza kuhusu matunda. Waliuliza kuhusu viatu. Kisha pakawa kimya. Wanaume walikuwa wengi, na wote walitazama chini kama watu waliodondosha sindano.

Mzee Rangi akasimama.

"Binti yangu, waeleze wenzangu habari ya chumbani," akasema. Benchi zima liligeuka. "Mimi lilinikuta. Nilimkimbia mke wangu miezi saba nyumba moja. Nilikula unga wa stendi. Sikutaka kupimwa, kwa sababu niliona ni afadhali nionekane mhuni kuliko nionekane mgonjwa. Kumbe ni hii hii sukari. Waeleze, maana najua siko peke yangu hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye bakora aliinua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena. "Na dawa yake ipo?" akauliza. Mwingine akasema, "Kuna rafiki yangu ana tatizo hilo." Wa tatu naye alikuwa na rafiki. Muuguzi alivuta kiti, akakaa katikati yao. Wake zao wakasogeza mabenchi.

Mwanamke aliyekaa karibu na Bi Fundi aliziba mdomo kwa kitambaa, akamnong'oneza, "Mama, mumeo hana haya!"

"Alikuwa nayo," Bi Fundi akamjibu. "Ilikuwa inamuua."